Kuchaji simu na vitu vyako kwenye kabini ya meli ya kitalii: ile ekstensheni ya nyumbani iache nyumbani

Maswali ni yale yale kila msimu. Nije na ekstensheni? Chaja yangu ya Kariakoo itaingia kwenye soketi zao? Wamenichukulia ekstensheni pale kwenye mashine ya kukagua mabegi, kwani kosa langu nini? Basi naandika yote sehemu moja, na kama una ndugu anapanda meli Miami au Dubai hivi karibuni mtumie tu asome kabla hajafunga begi, sio akishafika.

Kwa mwenye haraka jibu ni hili: beba chaja moja nzuri yenye matundu mengi ya USB, beba adapta inayoendana na meli yako, ekstensheni achana nayo. Ukiwa na muda endelea kusoma, maana kuna vitu vya kukufanya ulie humo ndani, hasa akina dada wenye pasi za nywele.

VITU VYA KUWA NAVYO KABLA HUJAANZA

- Jina kamili la meli, sio kampuni tu. Kampuni moja ina meli ya miaka ya 90 na meli ya juzi na soketi zake hazifanani hata kidogo.
- Chaja ya USB ya ukutani yenye matundu manne hadi sita, bora yenye USB-C mbili. Ya wati 65 inatosha simu na laptopu ndogo, familia kubwa tafuta ya 100.
- Adapta ya plagi, mbili sio moja, moja itapotea.
- Waya wa kuchajia wa mita 2 au 3. Huu watu wanausahau na ndo unaookoa usiku.
- Powabanki.
- Orodha ya vitu vilivyokatazwa kutoka kwenye tovuti ya kampuni yako ya meli, ipige skrinishoti kabisa.

KWANINI EKSTENSHENI INALETA KELELE

Hapa nitakuwa mfupi. Kwetu tunaponunua ekstensheni tunaisaka yenye kinga ya saji, yani umeme ukiruka juu ghafla, tunanunua na friji gadi na tivi gadi, kwasababu umeme ukikatika ukirudi unarudi na kishindo. Yani ile ya bei kali, yenye taa ndogo ya kijani, ndo tunaiona nzuri. Melini hiyohiyo nzuri ndo mbaya kuliko zote.

Nyumbani kuna waya wenye moto, yani wenye umeme, na kuna nyutro, waya wa kurudisha umeme, ambayo mwisho wa siku imefungwa kwenye ethi, yani ardhini. Meli nyingi hazina hiyo nyutro iliyofungwa kwenye chuma, nyaya zote mbili zina moto ukizipima na bodi la meli, na wamefanya makusudi, ili waya mmoja ukigusa chuma umeme usikatike ghafla meli ikiwa katikati ya maji, mafundi wanapata alamu tu wanaenda kutafuta tatizo huku taa zinawaka. Sasa kile kinga ya saji kina vidude ndani vinavyounganisha waya na ethi. Siku waya mmoja ukigusa chuma, hata kwa kabini ya jirani, kile kidude kwenye ekstensheni yako kinabebeshwa volti ambazo hakikutengenezewa, kinapata moto, plastiki inaanza kuyeyuka, na wewe uko juu unacheza bingo. Halafu swichi ya ekstensheni mara nyingi inakata waya mmoja tu, kwahiyo hata ukizima, upande mmoja bado una umeme. Mwaka 2013 Walinzi wa Pwani wa Marekani walitoa tahadhari ya usalama kuhusu hivi vidude melini, na tangu hapo ukaguzi wa mabegi umekuwa mkali.

Moto baharini hauna zimamoto wa kuja na gari. Ndomana hawabishani na mtu.

HATUA KWA HATUA

1. Jua soketi za meli yako

Meli nyingi zinazotoka Florida na Texas, hizi za Karibi, zina soketi ya Kimarekani ya pini mbili bapa, volti 110 hivi, na pembeni yake mara nyingi kuna ya Kiulaya ya pini mbili za duara, volti 220. Meli za Royal Caribbean ziko hivyo. MSC na Costa, ambazo misimu ya baridi ya nyuma zilikuwa zikizunguka Ghuba, Dubai na Doha na Abu Dhabi, nazo utakuta ya Kiulaya na ya Kimarekani. Meli za P&O za Uingereza zina soketi kama zetu, pini tatu za mraba, na Queen Mary 2 ina ya Kiingereza na ya Kimarekani.

Kwahiyo mtu wa Nairobi, Dar, Kampala au Muscat plagi yake ya pini tatu haitaingia popote isipokuwa kwenye meli za Waingereza. Mtu wa Bujumbura au Lubumbashi mwenye plagi ya pini mbili za duara yeye kazi yake ni rahisi zaidi, anaingia kwenye ile ya Kiulaya bila adapta. Na ndugu zetu wa Minneapolis na Houston ambao kila kitu chao ni cha Kimarekani, nyie kwenye meli za Karibi hamna shida, shida yenu mtaiona mkienda kupanda meli Ulaya na draya ya nywele ya volti 110.

Njia bora ya kujua kabla: ingia YouTube andika jina la meli na aina ya kabini, utapata mtu ameirekodi akizunguka, ukifika pale kwenye meza yenye kioo simamisha video uvute karibu. Utaona soketi ngapi, za aina gani, na kama kuna USB ukutani. Angalia tarehe ya video, meli zinakarabatiwa.

2. Soma maandishi madogo kwenye chaja

Kila chaja ina maandishi ya kijivu kwenye plastiki nyeusi, ambayo macho ya kawaida hayaoni. Piga picha kwa simu ukuze. Tafuta mstari unaoanza na INPUT. Ukikuta 100-240V 50/60Hz umemaliza, hiyo inakubali umeme wowote wa meli, unahitaji adapta ya umbo la plagi tu. Chaja karibu zote za simu, laptopu, kamera na tableti ziko hivyo.

Ukikuta 220-240V peke yake, hicho kifaa kichomeke kwenye soketi ya Kiulaya ya 220 tu, kwenye ile ya Kimarekani kitazubaa. Ukikuta 120V peke yake, kwenye 220 kitaungua, na hakitakuambia kwaheri, kitatoa moshi.

Wanaoumia hapa ni wenye pasi za nywele, draya, na mashine za kunyolea za waya. Mashine ya kunyolea ya Kimarekani ya 120V ukiichomeka kwenye 220 inanguruma kwa sauti ya ajabu halafu kimya cha milele. Kama ni lazima unyoe safarini beba ya kuchaji kwa USB.

3. Chagua adapta sahihi

Adapta inabadilisha umbo la plagi, haibadilishi volti. Hili naliandika peke yake kwasababu kila siku kuna mtu anasema lakini nilitumia adapta. Ndiyo ulitumia, na draya ikaungua vilevile.

Jambo la pili ambalo watu hawaambiwi: soketi ya Kiulaya mara nyingi imezama ndani ya kishimo cha duara. Ile adapta kubwa ya mraba ya kila nchi, yenye vitufe vya kusukuma, mwili wake haupiti kwenye kile kishimo, inaning'inia nusu nje na meli ikiyumba inaanguka. Tafuta adapta ndogo ya duara, nyembamba. Ni ya bei chee na inafanya kazi kuliko ile ya bei mbaya.

Na ile tabia yetu ya kuchomeka kalamu au kijiti kwenye tundu la juu la soketi ya pini tatu ili plagi ya pini mbili iingie, naomba iishie huko huko bandarini. Hasa usiifanye na kitu cha chuma. Kwanza mfanyakazi akikuta bic imesimama kwenye soketi ataandika ripoti.

4. Hesabu vitu vyako halafu punguza

Weka kitandani nyumbani kila kitu kinachohitaji umeme. Kila mtu simu moja. Saa. Spika ndogo, kwani lazima? Tableti ya mtoto. Kamera. Sasa tenganisha vinavyochajiwa kwa USB na visivyochajiwa kwa USB. Utakuta karibu vyote ni USB, na vyote hivyo vinaenda kwenye chaja moja ya matundu mengi ambayo inatumia soketi moja. Soketi ya pili inabaki kwa laptopu au pasi ya nywele. Hesabu imeisha na ekstensheni haijatajwa.

Wengine wananiambia sisi tuko watano kabini moja. Sawa, beba chaja mbili za hivyo, moja ya pini bapa na moja ya pini za duara, utumie soketi za aina zote mbili ambazo wengine wanaziacha tupu kwasababu hawana plagi yake.

5. Kama bado unataka ekstensheni, kwanza soma sheria ya kampuni yako

Kampuni hazifanani. Carnival kwenye orodha yao wanaruhusu ekstensheni na maltiplagi isiyo na kinga ya saji, ukiitumia kwa uangalifu. Royal Caribbean mwaka 2024 wakakaza, ekstensheni na maltiplagi hawataki hata kama haina saji, wakaacha habu za USB, vile vidude vya kugawa tundu moja la USB kuwa mengi. Hizi sheria zinabadilishwa bila ngoma wala zumari, kwahiyo usitegemee alichokuambia shemeji yako aliyesafiri mwaka juzi, angalia tena wiki ya safari.

Kama inaruhusiwa, hakikisha haina saji. Igeuze usome mgongoni. Ukiona neno SURGE, au namba yenye joules, au taa iliyoandikwa PROTECTED, hiyo ni ya saji, iache. Kitufe chekundu cha kurudisha peke yake hakimaanishi saji, hicho ni cha kukata mzigo ukizidi, lakini mkaguzi mwenye foleni ya watu elfu mbili nyuma yako hana muda wa kusikiliza tofauti hiyo. Mimi ningechukua kale kadude kadogo kasikokuwa na waya kenye matundu mawili matatu na USB, pale kanaporuhusiwa, maana hata kwenye skana hakafanani na ekstensheni.

Maboksi yaliyoandikwa ya meli za kitalii yanayouzwa mtandaoni msiyaamini kwa maandishi yale. Muuzaji anaandika anachotaka, mwenye meli ndo anayeamua.

6. Toa kwenye begi vitu vya joto

Pasi ya nguo, jagi la umeme, hita ya kuchovya kwenye maji, jiko la koili, blanketi la umeme. Vyote hivi vinachukuliwa. Na wa Pwani na Oman nisikilizeni, chetezo cha umeme cha kufukizia udi nacho hakiingii, kinahesabika pamoja na mishumaa na ubani, hata kama unakiwasha dakika tano tu chumba kinukie. Kabini ina kitambua moshi juu ya kichwa chako. Beba mafuta ya udi ujipake, ufukize ukirudi nyumbani.

Nguo peleka dobi la meli, au meli yako ikiwa na chumba cha kufulia cha abiria pasi iko humohumo. Pasi ya nywele na draya kampuni nyingi wanaruhusu, ila draya mara nyingi ipo tayari kwenye droo au ukutani kwahiyo usijaze begi.

Chai ya usiku? Mwombe mhudumu wa kabini maji ya moto, au panda bafe, maji ya moto yapo muda wote.

7. Powabanki iende begi la mkononi

Kama unapanda ndege kwanza, na wengi wetu tunapanda, powabanki haikai kwenye begi la kuchekiwa. Mpaka Wh 100 (wati-saa, kipimo cha umeme inaoubeba) unapita bila kuomba ruhusa. Kujua Wh zidisha mAh kwa 3.7 ugawanye kwa 1000, yani ya 20,000 ni Wh 74, iko salama. Ile ya 30,000 ni Wh 111, hiyo shirika la ndege linaweza kuigomea. Ukipita Dubai na Emirates jua kwamba tangu Oktoba 2025 wanaruhusu moja tu kwa abiria, chini ya Wh 100, na huruhusiwi kuitumia ndani ya ndege. Iwe na maandishi yanayosomeka, zile za mchina zilizofutika zinatupwa.

8. Siku ya kupanda meli

Chaja, adapta, dawa na powabanki viwe kwenye begi unaloshika wewe, sio sanduku unalowapa wapagazi. Sababu ni mbili. Moja, sanduku linaweza kufika kabini jioni kabisa na simu yenye tiketi yako imezima. Mbili, kama kuna kitu chenye mashaka ndani ya sanduku, sanduku zima linazuiliwa chini, utakaa unalisubiri na nguo zako zote za chakula cha jioni zimo humo, mpaka uitwe ushuke ulifungue mbele yao.

Wakikuchukulia kitu usigombane. Omba risiti au kitambulisho cha kitu hicho, namba ya kabini iandikwe, utakipata siku ya kushuka. Wabebaji wa ekstensheni kila safari wanajazana kwenye meza ile, inafika mahali nyaya zimerundikana kama mlenda.

9. Tafuta soketi zote kabla hujafungua masanduku

Usiishie kwenye zile za mezani. Angalia nyuma ya tivi, pembeni ya friji ndogo, chini ya kitanda upande wa kichwani, nyuma ya taa ya kitandani, na kwenye tako la taa yenyewe, meli mpya zinaweka USB hapo. Usichomoe waya wa tivi au friji ili upate nafasi bila kumuuliza mhudumu wako. Ukimuuliza vizuri, kaka samahani kuna soketi nyingine humu, atakuonyesha moja ambayo usingeiona wiki nzima, wale ndo wanaojua kabini kuliko fundi.

Bafuni kuna soketi yenye picha ya mashine ya kunyolea ndevu. Hiyo ni ya mashine ya ndevu na mswaki wa umeme, basi. Ina transfoma ndogo sana nyuma yake, draya usijaribu.

Mlangoni unaweza kukuta kishimo cha kuweka kadi. Bila kadi taa haziwaki, na kwa meli zingine soketi nazo zinalala ukitoka na kadi. Jaribu siku ya kwanza: chomeka simu, toa kadi, angalia kama bado inachaji. Hapo utajua chaji ya mchana itawezekana au usubiri usiku.

10. Chomeka kwa utaratibu huu

Adapta kwanza ukutani, isukume mpaka ikae, ndo uchomeke chaja, halafu nyaya. Chaja iwe mezani wazi inapumua, sio chini ya mto wala kwenye droo. Usipange adapta juu ya adapta juu ya adapta, meli inatetemeka saa 24 na ule mnara unalegea wenyewe. Waya usipite mlango wa bafuni, pale pana kizingiti na kila mtu anajikwaa hata bila waya.

Kuta za kabini nyingi ni chuma, kwahiyo ndoano ndogo za sumaku zinashika vizuri, tundika waya juu usikanyagwe.

Ukitoka kwenda ufukweni chomoa vinavyopata moto, pasi ya nywele hasa. Usiku kile kiwaya chako cha mita 3 kinatoka mezani mpaka kitandani na ndo maana nilikiweka kwenye orodha.

11. Wenye mashine ya kupumulia usingizini

Mashine ya CPAP wanaruhusu, ila sema mapema, wiki kadhaa kabla, kwa ile fomu ya mahitaji maalumu ya kampuni. Omba ekstensheni yao ya meli, wanazo zilizokaguliwa, na maji yaliyochujwa kwa mvuke kama unayatumia. Ukisubiri ufike mapokezi saa mbili usiku foleni ni ndefu na fundi ana kabini thelathini za kupita. Mashine iwe begi la mkononi, kamwe isiende na sanduku.

IKIGOMA

Hakuna kinachochaji popote. Kadi ya mlangoni iko mahali pake? Jaribu soketi nyingine na waya mwingine. Nusu ya malalamiko ni waya uliovunjika ndani karibu na shingo.

Inachaji polepole sana. USB za ukutani na za taa kwenye meli nyingi ni dhaifu, za simu kulala nazo mpaka asubuhi. Chomeka chaja yako mwenyewe kwenye soketi.

Umeme wa kabini umekatika ulipowasha kitu. Zima hicho kitu, kichomoe, piga simu mapokezi. Usitafute breka koridoni na usifungue kifuniko chochote. Fundi akija mwambie ukweli ulichomeka nini, hajaja kukukamata, anataka kujua aangalie wapi.

Adapta haikai, inadondoka. Imezidi unene kwa kile kishimo. Mapokezi mara nyingi wana adapta za kuazima kwa dhamana, na duka la meli linauza kwa bei ya kukutoa machozi. Kwenye bandari inayofuata utaipata nafuu.

Laptopu ya bodi la chuma inatekenya mkono ukiigusa wakati inachaji. Inatokea na chaja za pini mbili zisizo na ethi, hata nyumbani ipo. Ikiwa ni mtekenyo mdogo tu ondoa mkono uendelee, ikiwa inakupiga kweli chomoa na usiitumie tena kwenye soketi ile, toa taarifa.

Chaja ina harufu ya plastiki au huwezi kuishika kwa moto. Chomoa kwa kushika plastiki, iache izimike ipoe juu ya kitu kigumu, usiitumie tena. Ukiona moshi toka nje, funga mlango, piga namba ya dharura iliyobandikwa kwenye simu ya kabini. Usimwage maji.

Saa ya mezani ya kuchomeka uliyotoka nayo nyumbani inakwenda mbele. Meli nyingi umeme wao ni 60Hz, kwetu ni 50, saa za aina ile zinahesabu huo mtetemo. Tumia simu.

KWA VIJANA WANAOENDA KUANZA KAZI MELINI

Mmekuwa wengi sasa, kutoka Mombasa hasa, na nyie mnauliza kama abiria lakini sheria zenu ni kali zaidi. Kabini ya wafanyakazi mnalala wawili au zaidi, soketi ni za kugombania, na inakaguliwa. Jagi la kuchemshia maji na jiko la wali mliloficha kabatini litakutwa, na kwenu halina risiti ya kurudishiwa, lina onyo la maandishi. Uliza siku ya mafunzo ya usalama ni vifaa gani vinatakiwa kupelekwa kwa mafundi umeme kukaguliwa kabla hujavitumia, vipeleke mwenyewe mapema. Ekstensheni ukiihitaji omba ya meli. Kitu pekee cha umeme ambacho ningemwambia mdogo wangu atumie hela nacho kabla ya mkataba ni chaja ya USB ya matundu mengi ya kampuni inayojulikana, na waya mrefu, kitanda cha juu kiko mbali na soketi.